Motokari ikikufia njiani, na jamaa yote iko ndani



Konji imefika. Mizigo imefungwa, watoto wamevaa nguo za safari kabla jua halijatoka, na mama-mkwe amepewa kiti cha mbele kama inavyofaa. Mnatoka Kolwezi kwenda Lubumbashi kwa ndoa ya mdogo wako. Ni kilometa 300 hivi, njia ni ya lami, na motokari ilioshwa jana mpaka inang'aa. Mmepita Fungurume, watoto wameimba, mikate imekwisha. Kisha, katikati ya pori, kabla hamjafika Nguba, moshi mweupe unatoka chini ya kifuniko cha moteri. Utafanya nini?

Ukurasa huu umesema mara nyingi juu ya kofia, viatu vya usalama na vumbi la karieri. Kule kazini wewe ni mtu mwenye akili ya usalama. Kabla ya kupanda mashini unaizunguka, unatazama mipira, freni na taa. Fundi akitengeneza, anatia kufuli yake na ufunguo unalala mfukoni mwake. Gurudumu la kamyo kubwa halisimami bila kuwekewa kizuizi. Hakuna mtu anayepita nyuma ya mashini inayorudi kinyumenyume. Sheria hizi unazijua kama jina lako.

Lakini mtu huyu huyu, siku ya konji, anaonekana amelala chini ya motokari iliyoinuliwa kwa kriki peke yake. Miguu yake iko juu ya lami, na mtoto wa miaka mitano amechuchumaa karibu naye, anamshikia ekru. Hakuna kapita wa kumwambia toka hapo. Ni kwa sababu hii tunakuandikia.

Njia kwanza, moteri baadaye

Moteri iliyokufa haimuui mtu. Kamyo inayokuja nyuma yako inaua. Wewe unajua ni nani tunayetembea naye katika njia hii ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi mpaka Kasumbalesa: ni makamyo ya shaba na kobalti yanayoshuka, na makamyo ya asidi, ya chokaa na ya mazuti yanayopanda, mchana na usiku.

Tufanye hesabu kidogo. Kamyo inayokwenda kilometa 80 kwa saa inakula mita 22 kila sekonde. Shofere akiwa amechoka, zinapita sekonde moja na nusu au mbili kabla mguu wake haujafika kwenye freni. Mita 40 zimekwenda bure. Kisha kamyo yenye mzigo inataka mita 40 au 50 nyingine ili isimame, kama freni ni nzima na lami ni kavu. Ongeza mvua, ongeza freni zilizochoka, utaona mwenyewe kwamba pembetatu nyekundu uliyoiweka hatua kumi nyuma ya motokari ni mchezo wa watoto.

Kwa hiyo, dalili ya kwanza ikionekana, usikanyage freni papo hapo. Washa taa zote za kupepesa, punguza mwendo, tafuta mahali palipo sawa na panapoonekana kutoka mbali. Usisimame katika kona, wala chini ya mteremko, wala juu ya daraja. Mpira ukipasuka, shika usukani kwa nguvu, acha motokari ipunguze mwendo yenyewe, kisha tembea polepole mita mia mbili mpaka upate mahali pazuri. Utasema: lakini mpira utaharibika! Basi, uharibike. Mpira unauzwa Likasi.

Sasa watu washuke. Sisi katika Kongo tunatembea upande wa kuume, kwa hiyo milango ya kuume ndiyo inayofunguka upande wa majani. Watoto wote washukie hapo, hata yule aliyekaa dirisha la kushoto. Na sikiliza neno hili ambalo wengi hawalifikirii: motokari nyingi zinazotufikia zina usukani upande wa kuume. Katika motokari ya namna hiyo wewe shofere unashuka vizuri kwenye majani, na mama-mkwe aliye kushoto kwako anafungua mlango wake mbele ya makamyo. Mwambie angoje. Mpe mkono, apite kwenye kiti chako.

Wakishuka, wasikae kwenye kivuli cha motokari, wala wasisimame mbele yake. Motokari ikigongwa kwa nyuma, itarushwa mbele. Wavuke mtaro, waende mita kumi au zaidi ndani, na wasimame kidogo upande wa nyuma, kule makamyo yanakotokea. Piga majani kwa fimbo kwanza kwa ajili ya nyoka. Mama, kazi hii ni yako, na ni kubwa kuliko ya yule anayeshika kriki: kuhesabu watoto na kuwashika hapo. Mtoto anataka kuona baba anafanya nini. Anavuka mtaro mara moja tu.

Wewe chukua pembetatu, vaa ile koti yenye kung'aa unayoivaa kazini, na rudi nyuma kwa miguu ukitembea kwenye majani, uso wako ukitazama makamyo. Hesabu hatua 130; hizo ni karibu mita 100. Kama kuna kona au kilima, dalili yako iwe kabla ya kona, kabla ya kilima. Mashofere wetu wana desturi ya kukata matawi na kuyapanga juu ya lami. Ni desturi nzuri, kila mtu anaielewa. Yaweke nyuma, yaweke na mbele.

Kuna jambo moja zaidi juu ya makamyo. Mwezi wa Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, mkoa wa Lualaba, kamyo ya asidi iligongana na basi lililojaa watu. Karibu watu 20 walikufa, na wengine waliungua vibaya kwa asidi. Asidi hiyo ni ile ile tunayoitumia kwa kutoa shaba katika mawe, na hatari yake umefundishwa. Ukitafuta mahali pa kusimama, tazama vibao vya rangi ya machungwa vya makamyo yaliyokwisha kusimama hapo. Namba 80 juu na 1830 chini ni asidi ya sulfuriki. Namba 33 na 1203 ni esansi. Namba 30 na 1202 ni mazuti. Kama motokari yako bado inajivuta, pita, usilale karibu nayo.

Na kama tanki imelala chini na kitu kinamwagika, ondoa watu wako, mwende upande upepo unakotoka. Usimtume mtoto na bidoni. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange katika Kivu ya Kusini, tanki ya mafuta ilipinduka, watu wakakusanyika, wengine wakachota. Moto uliua zaidi ya watu 200.

Radiateri inapochemka

Turudi kwenye moshi wetu mweupe. Umesimama vizuri, moteri imezimwa. Kila mtu aliye karibu atakuambia: fungua, mwaga maji! Usimsikilize hata kama ni mkubwa wako.

Kwetu hapa juu, Kolwezi au Lubumbashi, maji ya sufuria yanachemka karibu na digri 96, kwa sababu tuko zaidi ya mita 1.200 juu ya bahari. Lakini ndani ya radiateri maji yamefungwa kwa nguvu, na yanaweza kupita digri 110 bila kuchemka. Kifuniko ndicho kinachoyazuia. Ukikifungua, maji yanachemka mara moja na kuruka juu, kama chupa ya limonadi iliyotikiswa. Uso wako uko wapi saa hiyo? Uko juu yake, unatazama.

Ngoja nusu saa, na saa moja ni bora. Gusa kwa kitambaa ule mpira mnene wa juu unaoingia katika radiateri: ukiwa mgumu na wa moto, bado. Ukilegea na kupoa, kunja kitambaa kinene mara nne, kilowanishe, weka juu ya kifuniko, geuza uso, zungusha robo tu na usikilize. Ikipiga filimbi, acha mpaka inyamaze.

Katika kungoja huko, toa ufunguo wa motokari na uutie mfukoni mwako, kama vile unavyofanya na ufunguo wa kufuli yako kazini. Motokari nyingi za sasa zina feni ya umeme inayoweza kuanza kuzunguka yenyewe wakati moteri imezimwa, kwa sababu bado kuna joto. Vidole havijui hilo.

Ukimimina maji, mimina kidogo kidogo. Maji baridi ya mto yakiingia kwa wingi ndani ya moteri ya moto, kichwa cha moteri kinapasuka, na hapo safari imekwisha na mshahara pia. Kisha tazama yanakotokea: bomba limepasuka? Mkanda umekatika? Kama maji yanatoka kidogo tu, mnaweza kujikokota mpaka mji wa karibu. Fungua madirisha na washa joto la ndani mpaka mwisho, hata kama mama-mkwe analalamika, kwa sababu joto hilo linatoka katika moteri. Tazama mshale kila dakika, simama kabla haujafika nyekundu. Lakini kama mkanda umekatika, usiwashe tena. Ngojeni msaada.

Kama mtu ameungua, mwagie maji safi yasiyo ya barafu dakika 20 nzima, kwa saa mkononi. Vua pete na saa yake kabla ngozi haijavimba. Usipake dawa ya meno, wala mafuta ya ngazi, wala yai. Waganga wa hospitali wanapoteza wakati mwingi kuondoa vitu hivyo juu ya kidonda. Funika kwa kitambaa safi. Akiwa mtoto, au akiungua uso au mikono, aende hospitali hata kama analia kidogo tu.

Hii inatupeleka kwenye maji mnayobeba. Chukua bidoni mbili, moja ya kunywa na moja ya radiateri, na ziwe za rangi mbalimbali. Ile dawa ya kijani au nyekundu inayochanganywa na maji ya radiateri ina utamu, na ni sumu inayoua figo. Watu wengi wanaitia katika chupa ya limonadi. Mtoto mwenye kiu hasomi.

Mpira

Hapa hatutasema mengi, kwa maana unajua. Tunakumbusha tu kile kinachosahauliwa. Mahali pawe sawa na pagumu. Katika udongo, tia ubao chini ya kriki. Vuta freni ya mkono, tia vitesi, weka mawe kwenye gurudumu lililo upande wa pili wa lile unalobadilisha. Legeza ekru kidogo wakati gurudumu bado liko chini, si baada ya kuinua. Hakuna mtu anayebaki ndani, hata mtoto mchanga aliyelala. Na mpira wa akiba, kabla ya kuufunga, ulaze chini ya motokari karibu na kriki. Kriki ikiteleza, motokari itaangukia mpira, haitaangukia mkono wako. Kuingia chini kabisa, hapana, kwa sababu yoyote ile.

Mpira wa akiba huo ulitazama lini? Wengi wanautoa kwenye sanduku la nyuma na kuukuta hauna pumzi. Na umri wake? Pembeni mwa mpira kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Tukisoma 2314, mpira huo ulitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2014. Mipira ya kuokota inayotoka Ulaya ina sura nzuri, lakini mpira uliopita miaka kumi umekauka ndani, na joto la lami linaufungua.

Mzigo nao unaua mipira. Watu watano wazima peke yao ni kilo 350 hivi, na motokari ndogo haikufanywa kwa kubeba zaidi sana ya hapo. Wakati wa kurudi, makala ya njiani ni bei nzuri, tunajua. Lakini magunia matatu ya makala juu ya watu saba ndiyo yanayoupasha mpira joto mpaka unapasuka karibu na Nguba.

Esansi, batri na mdomo

Mafuta yakikwisha, utayapata kwa wale wauzaji wa bidoni. Usiibebe bidoni ya esansi ndani pamoja na watoto. Usitazame ndani ya tanki kwa kiberiti. Bado wako wanaofanya hivyo. Wala usinyonye kwa mdomo kwa kutumia mpira. Esansi iliyomezwa inachoma, lakini ile iliyoingia mapafuni ndiyo inayoua. Mtu aliyemeza asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta ya ngazi ili atapike, kwa maana akitapika itapita tena mapafuni. Aketi wima, apelekwe hospitali.

Ukiazima umeme wa batri ya mwingine: nyekundu kwa nyekundu, na waya mweusi wa mwisho uufunge kwenye chuma cha moteri yako, mbali na batri. Batri inatoa hewa inayowaka kwa cheche moja. Sigara ingoje.

Usiku ukiwakuta

Jua linazama upesi kwetu. Kwa hiyo amua mapema, wakati bado kuna mwanga. Piga telefone kwa yule anayewangoja, mwambie mko wapi, kati ya kijiji gani na kijiji gani. Sehemu nyingine za pori hazina mtandao, ndiyo maana ni vizuri mtu mmoja ajue tangu asubuhi saa mliyoondoka na saa mnayotazamiwa, ili kimya chenyewe kimwambie jambo. Na mayunite yanunuliwe kabla ya safari.

Je, bibi na watoto wapande kamyo inayopita? Ndani, pamoja na shofere, kama kuna nafasi na mnamwamini, mnaweza kufikiri. Juu ya magunia, hapana. Juu ya magunia ya chokaa, hapana mara mbili: chokaa ya moto ikikutana na jasho au mvua inachoma ngozi na kupofusha macho. Bora wafike kwa miguu kwenye kijiji cha karibu wakati wa mchana, wasalimie mkubwa wa kijiji, waombe mahali pa kukaa. Watu wetu hawamfukuzi mama mwenye watoto. Lakini usiwaache peke yao kando ya njia gizani ili wewe uende kutafuta fundi. Mlale pamoja, mtafute fundi asubuhi.

Mkilala ndani ya motokari, kwanza isukumeni itoke kabisa kwenye lami. Katika miezi ya Juni na Julai baridi inauma, na kishawishi ni kuwasha moteri ili mpate joto. Msifanye. Moshi wa moteri una hewa isiyo na harufu wala rangi, inayomlaza mtu na kumwua katika usingizi, na watoto ndio wa kwanza. Tena majani makavu chini ya bomba la moto yanashika moto. Blanketi mbili katika sanduku la nyuma zinatosha. Wakati wa mvua, ongeza chandarua, au hata kitenge cha kufunika dirisha lililofunguliwa kidogo, kwa sababu mbu wa njiani ana malaria sawa na yule wa nyumbani. Mtoto akipata homa siku kumi au kumi na nne baada ya safari, mwambie mganga kwamba mlilala porini.

Asubuhi fundi amekuja, au ndugu amekuja na mkanda mpya. Moteri inaimba. Watoto wamekwisha kuingia, kila mtu ana haraka, ndoa inaanza. Ngoja. Rudi nyuma ukaokote pembetatu yako, toa matawi yote juu ya lami, yale ya nyuma na yale ya mbele, na yale mawe uliyoyaweka kwenye magurudumu uyatupe ndani ya mtaro. Umeona mwenyewe mawe hayo yaliyoachwa na makamyo katikati ya njia. Usiku ujao kuna mwenye pikipiki atakayepita hapo.

Na kama ulibadilisha gurudumu, ukifika Likasi, simama ukaze ekru tena.